Nani aliyelipia minara ya Cádiz
Hotuba mbele ya waongoza watalii wa Mji Mkongwe, Zanzibar

Mwenyekiti, wazee wetu wa kazi, dada zangu na kaka zangu: assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie mji mmoja wa nje ambako wenzetu wanafanya kazi kama hii yetu ya kuwatembeza wageni kwa miguu, tuone tuchukue nini na tuache nini. Nimechagua Cádiz, kusini mwa Hispania. Ningeweza kuchagua Barcelona, ambako wageni ni wengi mno. Nimechagua Cádiz kwa sababu mtu wa Mji Mkongwe akifika pale, miguu yake inajua njia kabla ya macho. Mji wa kale umekaa kwenye ncha ya ardhi, bahari imeuzunguka karibu pande zote. Vichochoro ni vyembamba, jua linapenya kwa shida na upepo unavunjwa nguvu. Upepo wao wa mashariki, Levante, unatawala maongezi ya watu kama kusi na kaskazi zinavyotawala yetu: ukivuma, wavuvi wanabaki nchi kavu na watu wanakuwa wakali nyumbani. Meli za kitalii zinafunga gati ubavuni mwa mji wenyewe. Abiria anashuka, anavuka barabara, baada ya dakika chache yuko uwanja wa San Juan de Dios, na ana saa chache tu kabla meli haijang'oa nanga. Hali hiyo mnaijua.

Niseme mapema ninaloliamini, kisha niwatembeze. Matembezi ya mji wa bandari yametimia pale mgeni anapofikishwa mbele ya jengo zuri na kuambiwa hapo hapo fedha zake zilitoka wapi. Tukimwonyesha uzuri tu, tumempa nusu ya mji.

Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa mtaa wa La Viña. Hakuanza na kanisa wala sanamu. Alituambia tuweke viganja ukutani. Jiwe la Cádiz linaitwa piedra ostionera: ni mchanga na makombe ya bahari yaliyogandamana kwa maelfu ya miaka. Ukilisogelea unaona kombe zima limelala ndani, mistari yake yote ipo, na ukipitisha kidole unaisikia. Jiwe hilo limechimbwa ufukweni pao. Limejenga ngome, makanisa na nyumba za watu, na kwa kuwa lina matundu na chumvi inalila, kuta zilipigwa lipu na chokaa. Sisi tuliolelewa ndani ya kuta za matumbawe na chokaa tulicheka kwa furaha. Wageni wengine, watu wa miji ya matofali, walikuwa wanaiona bahari ndani ya ukuta kwa mara ya kwanza. Kisha akatuonyesha pembe za nyumba: mizinga ya zamani imesimikwa ardhini kwenye kona za vichochoro ili magurudumu ya magari ya farasi yasikwaruze kuta. Mzinga uliopoteza vita ukapewa kazi ya kulinda lipu.

Tukaingia mtaa wa El Pópulo, sehemu kongwe kabisa, kupitia moja ya malango matatu yaliyobaki ya mji wa karne ya 13. Kabla ya wafalme wa Kikristo mji huu ulikuwa wa Waislamu, ukiitwa Qadis. Kabla ya Waislamu ulikuwa wa Warumi, ukiitwa Gades. Na kabla yao wote ulikuwa Gadir wa Wafoinike, mabaharia wa Tiro huko Lebanoni. Wanahistoria wa Kirumi waliurudisha mwanzo wake hadi karibu mwaka 1100 KK. Vitu vilivyofukuliwa vinafika karne ya 9 KK. Kwa vyovyote vile ni kati ya miji mikongwe zaidi ya Ulaya Magharibi ambayo watu hawajawahi kuihama.

Mwaka 1980, katika uchimbuaji uliofanyika El Pópulo, yalikutwa mawe ya ngazi. Lilikuwa jukwaa la michezo la Warumi, kubwa, la watazamaji kama 10,000, nalo lilikuwa limelala chini ya nyumba za watu kwa karne nyingi huku hakuna ajuaye mahali hasa lilipo. Lilijengwa karne ya 1 KK na ukoo wa Balbus, matajiri wa hapo hapo Gades. Mmoja wao, Lucius Cornelius Balbus, mwaka 40 KK alikuwa konsuli, yaani kiongozi wa cheo cha juu wa Roma, wa kwanza kuzaliwa nje ya Italia. Mpwa wake, mwenye jina hilo hilo, aliongoza jeshi dhidi ya Wagaramante katika jangwa la Libya, na mwaka 19 KK akapitishwa Roma kwa maandamano ya ushindi. Sehemu kubwa ya jukwaa bado iko chini ya nyumba. Unaingia kwenye ujia wa mviringo uliokuwa chini ya viti, dari liko karibu na kichwa, na juu yako watu wanapika chakula cha mchana.

Mwaka huo huo wa 1980 Cádiz ilipata zawadi nyingine, na hii naomba tukae nayo kidogo, kwa sababu inaonyesha namna ya kusimulia. Katika jumba la makumbusho la uwanja wa Mina kuna majeneza mawili ya marumaru ya Wafoinike yaliyochongwa kwa umbo la mtu. La mwanamume, mwenye ndevu zilizosukwa kwa mafundo madogo madogo, lilipatikana mwaka 1887. Mtaalamu wa mambo ya kale Pelayo Quintero, aliyekuja kuliongoza jumba hilo, aliamini kwamba lazima lipo na la mwanamke, akalitafuta kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1946 huko Tetuán, Moroko, bila ya kuliona. Mwaka 1980 tingatinga ikichimba msingi wa jengo jipya ikaligonga, na watu wa Cádiz watakueleza kuwa kiwanja kile ndicho alichokuwa na nyumba yake. Leo mwanamume na mwanamke wamelazwa chumba kimoja. Mwanamke ameshika kichupa cha manukato mkononi.

Mwongozaji alilisimulia jambo hili tukiwa tumesimama baina ya majeneza mawili, mikono yake mwenyewe ikiwa kimya mbele ya tumbo. Alituacha tumtazame mwanamke mpaka tulipokiona kichupa sisi wenyewe. Hakutuonyesha kwa kidole. Ndugu zangu, sisi tunapenda sana kidole.

Kanisa kuu nitalipita haraka. Ujenzi ulianza 1722 ukamalizika 1838, na ukitazama kuta unaona fedha zilivyokwisha njiani: chini marumaru za gharama, juu jiwe jeupe la kawaida. Mtunzi wa muziki Manuel de Falla, mtoto wa mji huu, amezikwa katika chumba cha chini ya kanisa, ambacho kiko chini ya usawa wa bahari, na mawimbi yanasikika humo.

Sasa minara. Mwaka 1717 taifa la Hispania lilihamisha kutoka Sevilla kwenda Cádiz ile ofisi iliyosimamia biashara yote na makoloni ya Amerika, Casa de Contratación. Mto wa Sevilla ulikuwa umejaa mchanga na meli zimekuwa kubwa. Kuanzia hapo fedha, kakao, rangi na tumbaku za Amerika zikapita Cádiz, na wafanyabiashara wakaja kutoka Genoa, Ufaransa, Uflemi na Ireland. Kila tajiri alijenga nyumba ya kazi na ya kulala kwa pamoja: chini ghala, juu yake ofisi, juu ya ofisi familia, juu kabisa watumishi, na juu ya paa mnara. Mtu alikaa mnarani na darubini kutazama bahari ya magharibi. Aliyeona meli yake mapema alijua mapema bei ya kuuzia. Karne ya 18 minara hiyo ilikuwa kama 160, na zaidi ya 120 imesimama hadi leo.

Mrefu kuliko yote ni Torre Tavira, mita 45 juu ya usawa wa bahari, uliofanywa mnara rasmi wa bandari mwaka 1778. Una jina la mlinzi wake wa kwanza, Antonio Tavira. Tangu 1994 juu yake kuna chumba cha giza: kioo na lenzi vilivyowekwa kileleni vinauleta mji wote juu ya sahani kubwa nyeupe iliyo mbele yako. Unaona nguo zikipepea kwenye kamba, unaona mtu akivuka paa, wote wanatembea kimya kwenye sahani. Anayekuongoza anageuza kioo, na mnara mmoja baada ya mwingine unapita. Mmoja ni wa pembe nane, umepambwa vigae, na kutoka barabarani huwezi kuuona hata ukizunguka nyumba mara ngapi. Wanauita Bella Escondida, mrembo aliyejificha.

Hapo ndipo nilipouliza. Nilisema: mama, meli hizi zilikuwa zinakwenda Amerika na nini?

Alitaja divai, mafuta ya zeituni, nguo, zebaki ya migodini. Nikamwambia: na watu? Akanyamaza kidogo, halafu tukiwa kwenye ngazi za kushukia akanieleza kwa kirefu, na alikuwa anayajua yote. Mwaka 1765 mfalme aliipa kampuni moja ya wafanyabiashara wa Cádiz ukiritimba wa kupeleka Waafrika watumwa katika makoloni ya Hispania, na kituo chake kikawa kisiwa cha Puerto Rico. Biashara hiyo iliendelea mpaka 1779. Cádiz yenyewe ilikuwa na Waafrika watumwa majumbani, jikoni na bandarini tangu karne ya 16. Kama Sevilla, ilikuwa na chama cha kidini cha Wakatoliki weusi, watumwa na walioachwa huru, waliochangishana ili kuzikana kwa heshima. Na hata baada ya Hispania kutia saini mkataba na Uingereza mwaka 1817 wa kuikomesha biashara hiyo, meli ziliendelea kupeleka watu Kuba kwa siri.

Nikamwuliza kwa nini haya hayamo katika matembezi. Alijibu kwa ukweli: wageni hawaulizi, na muda ni mfupi.

Sikumlaumu na simlaumu leo. Lakini nataka tulitazame jibu hilo vizuri, kwa kuwa sote tumewahi kulitoa. Mgeni hawezi kuuliza jambo asilojua kwamba lipo. Aliyeshuka melini asubuhi hajui kitu, amekukabidhi macho yake. Kama mnara ulijengwa ili kungoja meli, na baadhi ya meli zilibeba watu waliofungwa minyororo, basi watu hao ni sehemu ya mnara kama vile jiwe la makombe lilivyo sehemu yake. Sentensi mbili zinatosha. Hazihitaji saa nzima, zinahitaji kusemwa pale juu, wakati mgeni anautazama mrembo aliyejificha.

Kituo kilichofuata kililithibitisha hili zaidi. Kanisa la San Felipe Neri ni la umbo la yai, na juu ya madhabahu kuna picha ya Bikira Maria iliyochorwa na Murillo. Ukuta wa nje umejaa vibao vya kumbukumbu. Humo, mwaka 1812, ilimalizwa Katiba ya kwanza ya Hispania. Jeshi la Napoleon lilikuwa limeuzingira mji tangu 1810, mabomu yalikuwa yanarushwa kutoka ng'ambo ya ghuba, na ndani ya kanisa wajumbe kutoka Hispania, Amerika na Ufilipino walikuwa wanabishana juu ya uhuru wa taifa. Katiba ilitangazwa tarehe 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na kwa kuwa akina Josefa huitwa Pepa, watu waliibatiza La Pepa. Mfalme Fernando VII aliporudi mwaka 1814 aliifuta, lakini mawazo ya Katiba hiyo yalikuwa yameshavuka bahari.

Watu wa Cádiz wanaionea fahari Katiba hiyo, na wana haki. Mamlaka ya taifa ikawekwa mikononi mwa taifa lenyewe, huku mabomu yakianguka. Hata hivyo mwaka 1811, katika bunge hilo hilo, mjumbe kutoka Mexico, José Miguel Guridi y Alcocer, alileta pendekezo la kuufuta utumwa hatua kwa hatua. Siku chache baadaye Agustín Argüelles wa Asturias alipendekeza biashara ya watumwa ikomeshwe. Wajumbe wenye masilahi Kuba walipinga vikali, na hakuna lililopita. Ibara ya 22 ya Katiba ikawanyima uraia kamili watu huru wenye asili ya Afrika, ila kwa atakayeonyesha sifa za pekee. Ndani ya kanisa moja pana fahari na pana aibu, na pendekezo la Guridi y Alcocer linastahili kutajwa kwa sauti ile ile inayotumika kuitaja Katiba.

Utumwa ulifutwa Puerto Rico mwaka 1873. Ni mwaka ule ule Sayyid Barghash alipolifunga soko la watumwa la Mkunazini, hatua chache kutoka tulipokaa sasa, na Waanglikana wakaanza kujenga kanisa juu ya kiwanja chake. Kuba ilingoja mpaka 1886.

Sisi tunao uzoefu ambao wenzetu wa Cádiz bado wanautafuta. Hakuna kati yetu anayemtembeza mgeni Mji Mkongwe akairuka Mkunazini. Tunamfikisha, anaziona zile sanamu za watu shimoni na mnyororo shingoni, na hata mgeni mwenye maneno mengi hunyamaza. Lakini tukitoka pale tunakwenda kwenye milango. Tunamwonyesha nakshi, misumari ya shaba, mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, samaki, mawimbi. Ni mara ngapi tunasema kwamba nyumba ile yenye mlango ule ilijengwa kwa karafuu zilizochumwa na watumwa, na kwa pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara? Tukifika nyumba ya Tippu Tip pale Shangani tunalisema, kwa sababu jina lake linalazimisha. Milango mingine tunaiacha iwe mizuri tu. Tumeufungia utumwa katika kituo kimoja, kama kwamba ulikaa Mkunazini peke yake na haukuingia nyumba za watu.

Niwamalizie matembezi. Mtaa wa La Viña, alikozaliwa mwongozaji wetu, ni wa wavuvi na wa watu wa kanivali. Tarehe 1 Novemba 1755, tetemeko lililoiangusha Lisbon lilisukuma mawimbi makubwa hadi hapa. Watu walikimbilia njia pekee ya nchi kavu, ule utepe mwembamba wa mchanga unaouunganisha mji na bara. Gavana akaamuru lango la Puerta de Tierra lifungwe. Walimlaani, na amri hiyo iliwaokoa wengi, kwa sababu bahari iliufunika utepe na waliokuwa wametangulia wakasombwa. La Viña wanasimulia kwamba padri alitoka na bendera ya Bikira wa la Palma, akaisimika katikati ya barabara, na maji yakakomea hapo. Kila mwaka siku hiyo wanaandamana kwenye barabara ile ile. Mama yetu aliyasimulia yote mawili, ya gavana na ya bendera, kila moja kwa heshima yake, bila kuchanganya hati na imani. Huo ni ustadi ambao ningependa vijana wetu waige wanaposimulia habari za majini na za mizimu.

Mwisho ni ufukwe wa La Caleta, kijipande cha mchanga baina ya ngome mbili, mashua ndogo zimefungwa majini. Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa habari hii inatuhusu.

Mwandishi wa kale Strabo, akimnukuu mwanachuoni wa Kigiriki Posidonius, anaeleza habari za nahodha Mgiriki, Eudoxus wa Cyzicus, aliyewatumikia watawala wa Misri karne ya 2 KK na kwenda India. Akirudi safari ya pili, upepo ulimsukuma kusini, kupita Ethiopia, kwenye pwani ya Afrika ya upande wetu. Aliwapa wenyeji nafaka, divai na tini kavu, nao wakampa maji na warubani, naye akaandika baadhi ya maneno yao. Pale ufukweni akakuta kipande cha omo ya mbao kilichochongwa farasi. Alikibeba mpaka Misri, akawaonyesha wenye meli sokoni, na wao wakakitambua: ni cha Gades, walisema, ambako wavuvi maskini wana mashua ndogo ziitwazo farasi kwa sababu ya mchongo wa mbele. Eudoxus akaamini kwamba mashua hiyo ilikuwa imeizunguka Afrika yote. Akaenda Gades, akaunda meli, akapakia mafundi, waganga na wasichana wa muziki, akatweka kuelekea India kwa njia ya magharibi.

Strabo mwenyewe hakuisadiki habari hii, na mwongozaji wa kweli lazima aliseme hilo. Mimi nilipoisimulia pale La Caleta, kwa ruhusa ya mama yetu, nililisema. Alikuwa hajawahi kuisikia kutoka kinywani mwa mtu wa pwani ya pili. Aliniomba nirudie sehemu ya omo, akaiandika.

Mwenyekiti, nina ombi moja la kazi. Katika kikao kijacho tuketi na orodha ya milango tunayowaonyesha wageni, kuanzia Shangani hadi Malindi. Kwa kila mlango tuandike mwenye nyumba alikuwa nani na alifanya biashara gani, kwa kadiri nyaraka za Zanzibar na wazee wa mitaa watakavyotusaidia. Tuwape vijana wanaoanza kazi sentensi mbili za kweli kwa kila mlango. Mimi nimejitolea kuanza na Shangani, na ninaomba wawili wa kufuatana nami Hurumzi na Kiponda.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Wenye maswali karibuni, na wanaotaka kujiandikisha kwa kazi ya milango, karatasi iko kwa katibu.